Bega Liache Lilale

"Kwanza ule mbovu," mkewe alisema, akiupanua mkono wa shati kama mtu anayefungua mdomo wa gunia.

Aliuingiza mkono wa kushoto taratibu, kiwiko kimebana ubavuni, maana ukiinuka kupita kifua tu, bega humkumbusha kila shehena iliyowahi kupita mbele yake. Kisha mkewe akazunguka nyuma, akamvisha ule mzima, akafunga vifungo. Walikuwa wamezoea, hata hawakutazamana. Kazini walimwita Upande. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka, na akitembea ungedhani amebeba ndoo ya maji isiyoonekana.

"Utawajibu nini leo?"

"Sijui. Hata sijaipanda."

"Baba watoto, usinizungushe." Mkewe alikuwa kwenye kifungo cha mwisho, na hakukiachia. "Hili bega nimelikanda mpaka viganja vyangu vinanuka dawa hata nikipika. Hiyo mashine kama italipumzisha, mimi mwenyewe nitaifagilia njia. Lakini anayetolewa ni mdogo wangu. Tumenyonya ziwa moja."

"Simtoi mimi."

"Watamtoa kwa mdomo wako. Tofauti iko wapi?"

Akachukua kofia yake kwa mkono wa kulia, akatoka.

Pale kwenye uwanja wa kokoto palikuwa na loda mbili kuukuu na maopereta wawili: yeye, na huyo shemeji yake. Kazi yao ilikuwa moja, asubuhi hadi jioni: kuingiza baketi kwenye lundo, kuchota, kurudi nyuma, kugeuka, kulimwagia lori, kurudi nyuma, kugeuka, kuchota tena. Sasa ilikuwa imeletwa loda mpya ya majaribio, isiyo na usukani. Inaongozwa kwa kifimbo kilicho kwenye mkono wa kiti. Meneja alikuwa amemwita Upande pembeni jana yake: "Wewe ndiye mkongwe hapa. Endesha, linganisha na ile yako, utuambie. Kama moja hii inafanya kazi ya zile mbili, tunainunua, zile tunauza. Neno lako ndilo nitakalolichukua."

Tazama ukarimu huo. Miaka yote bega lile liliposagika, hakuna aliyewahi kulitaka neno lake. Loda ikivujisha tone la mafuta, kazi ilisimama, mafundi wakalala chini yake na tochi mdomoni. Opereta akivuja, aliambiwa ajipake dawa.

Na kilichomvujisha kilijulikana. Loda haikunji magurudumu kama gari. Inakunja kiuno, mashine nzima inajipinda katikati kama siafu. Kuipinda kwa usukani ni kuzungusha, na kuzungusha, na kuzungusha, kisha kuurudisha wote ulikotoka, na lori linalofuata limeshapiga honi. Mkono wa kulia uko kwenye baketi. Kwa hiyo usukani ni wa kushoto peke yake, umeshika kirungu kilichofungwa kwenye duara lake. Kirungu chake Upande alikuwa amekivika mpira wa tairi la baiskeli. Mpira ulilika, akauvua, akakivika mwingine. Huo nao ukalika. Bega halikuwa na la akiba.

Shemeji yake alimkuta langoni, mswaki bado mdomoni.

"Shem! Nimeota umepanda hicho kidude kikakutupa kwenye lundo."

"Ulicheka?"

"Nilicheka mpaka nikaamka." Akatema pembeni. Kisha sauti ikashuka. "Lakini kweli, shem. Sema kimekukataa. Sema huu ni mchezo wa watoto, hako kafimbo ni ka kukorogea uji. Nani atakubishia?"

"Wewe umekipanda?"

"Sikipandi! Mimi nikipande, nilipime kaburi langu urefu?"

Upande hakucheka. Walikuwa wamepita mlango wa ofisi, na kule ndani msimamizi alikuwa ameketi kwenye kiti chake kikubwa cha ofisini, akizunguka nacho nusu duara, kwenda na kurudi.

Kiti kile kina historia, na uwanja ule haujaisahau. Zamani, uongozi ulileta viti vipya vya loda, rahisi, visivyo na springi. Wakamwita opereta mmoja peke yake, wakamuuliza: vinafaa? Akajibu: "Vizuri sana, bosi." Kabla mvua za mwaka ule hazijaisha alikuwa msimamizi. Waliobaki wakavikalia vile viti mpaka migongo ikakatika mmoja mmoja kama kamba za kisima, na waliokatika wakaenda zao, hakuna aliyewasindikiza. Ndipo maopereta wakawekeana neno, bila karatasi wala kiapo: swali la bosi halijibiwi na mdomo mmoja. Wengi wa walioliweka hawapo tena. Neno lipo.

Mashine mpya ilikuwa imeegeshwa mbele ya lundo, inang'aa, kiti bado kina nailoni. Ilikuja na mkufunzi, binti mwenye buti zilizochakaa kweli na kucha zenye grisi. Meneja alisimama kivulini na msimamizi wake.

"Karibu, baba," binti alisema. "Hiki kifimbo ndio usukani. Kushoto, inapinda kushoto. Kulia, kulia. Hiki kitufe cha gumba ni mbele na nyuma."

Upande aliketi. Jambo la kwanza mkono wa kushoto ulilofanya ni kupanda mbele kutafuta kirungu. Ulikuta hewa. Akaushusha, akashika kifimbo, akakivuta kama alivyozoea kuvuta, kutoka begani. Loda ikaruka upande kama ng'ombe aliyeumwa na mbung'o.

"Imekukataa, shem!" sauti ikatoka kwenye loda kuukuu ya pili. "Shuka kabla haijakuuma!"

Binti alikuwa amesimama kwenye ngazi, nje ya mlango. Hakucheka. "Baba, kifundo cha mkono tu. Bega liache lilale."

"Lilale?"

"Ndiyo. Lisahau."

Alijaribu kulisahau. Si rahisi kukisahau kitu kilichokuamsha usiku miaka na miaka. Raundi za kwanza alichota ovyo. Mkia wa loda ulitikisika, kokoto zikamwagika. Mara moja tipa moja ilirudi nyuma bila kupiga honi, na mkono wake wote ukaruka mbele kukamata usukani usiokuwepo. Mguu tu ndio uliomwokoa, kwenye breki. Madereva wa malori wakapiga makofi. "Kamata hewa, mzee! Kamata!"

Kisha, katikati ya lori moja na jingine, ikatokea. Alikuwa ametoka kwenye lundo na baketi imejaa, akakisogeza kifimbo kiasi cha upana wa vidole, na mashine ikajipinda yenyewe, laini, ikamfikisha ubavuni mwa lori. Akakirudisha. Ikanyooka. Alingoja maumivu. Huja pale, wakati wa kurudisha. Hayakuja. Akachota tena, akayangojea tena kama mtu anayemngojea mgeni msumbufu, macho mlangoni. Hayakuja.

Hakupenda kila kitu chake. Kwenye kirungu, kiganja kilijua uzito wa mzigo na ulaini wa ardhi. Kwenye kifimbo hakuna habari, ni kama kusalimiana na mtu aliyevaa glavu. Na alipoikimbiza kwenda lundo la mbali ilitaka kuyumba, ambapo usukani ungetulia. Lakini hizo zilikuwa lawama za mtu aliyekwisha kupenda, alijua. Bega lilikuwa limelala. Akaona aibu kwa raha ile, akajifanya anakohoa vumbi, na kwenye kibanda kile kilichofungwa vizuri hapakuwa na vumbi.

Hapo ndipo hasira ilipompata. Kumbe kitu hiki kipo. Kumbe kulikuwa na watu mahali fulani waliokalia viti kama hiki siku zote, huku yeye akivishwa shati.

Msimamizi alikuja kwenye ngazi kabla ya meneja. "Mzee wangu, umeona? Sema inatosha. Wewe ndiye utakayeiendesha, nimeshakupigania. Usiniangushe."

"Umenipigania," Upande alirudia.

Meneja naye akasogea, mikono nyuma. "Haya mzee. Inalinganaje na ile? Hii moja inatosha?"

Upande alizima injini. Kokoto moja iliteleza kutoka juu ya lundo, ikashuka mpaka chini, na wote wakaisikia. Akashuka, mkono wa kulia kwenye bomba la ngazi, mguu kwa mguu. Kisha akaita kuelekea loda ya pili:

"Shemeji! Njoo uipande."

"Sijamuuliza yeye," meneja alisema.

"Najua, bosi."

"Neno nililotaka ni lako."

"Utalipata. Akishaipanda."

Msimamizi alitazama chini, kwenye viatu vyake. Yeye alilijua lile neno la zamani. Lilitungwa kwa sababu yake.

Shemeji alikuja akijivuta, akimtazama Upande kwa jicho la umenichongea. Akapanda. Alianza na maneno, "Haya, kafimbo, tuone uji," na watu wakacheka. Akachota, akamwaga. Akachota, akamwaga. Kwenye lori la pili maneno yalipungua. Kwenye la tatu alikuwa kimya kabisa, na Upande, aliyekaa juu ya jiwe, aliona kupitia kioo lile bega changa bado, lililoanza kushuka kidogo mwaka jana, aliona likitua.

Aliposhuka hakumtazama mtu. Alikuja akasimama kando ya jiwe.

"Inasemaje?" Upande alimuuliza kwa sauti ya chini.

"We shem." Akafuta uso kwa kofia. "Bora nisingeipanda."

Meneja alikuwa ameona alichokiona. Hakuwa mjinga. Alimgeukia huyu mdogo, na sauti yake ikawa ya kirafiki. "Wewe bado una nguvu. Mzee amechoka, sote tunaona. Tuseme iwe moja. Ungependa kuiendesha wewe?"

Hapo Upande alitazama pembeni, kwenye malori. Hakutaka jicho lake limsukume mtu. Alimfikiria mkewe na vile viganja. Jioni angemweleza nini, kwa vyovyote vile? Alisubiri kama alivyosubiri maumivu kule juu.

Shemeji aliirudisha kofia kichwani. Alitazama mashine. Ungeona jinsi alivyoitazama.

"Napenda," alisema hatimaye. "Tena sana. Na shemeji anapenda, hata akikataa. Ndiyo maana hatutaki moja."

"Sikuelewi."

Upande aliinuka kwenye jiwe. "Anasema hivi, bosi. Fimbo ni bora kuliko usukani kwa kazi hii. Hilo ndilo neno langu, na ndilo lake. Kazi ya loda mbili hii inaweza, kama mtamkimbiza mtu mmoja mpaka naye aishe. Sisi tunasema leteni mbili. Huo wepesi ni wa mabega yetu. Tumeulipia tayari."

"Mbili!" msimamizi aliguna.

"Na wewe unajua," Upande alimwambia taratibu. "Ulivikalia vile viti. Japo si sana."

Meneja aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kama anayetafuta pa kupenyeza kisu. Hakupata, au alipata akaahirisha. Lori la nyuma likapiga honi, na jingine likaitikia.

"Malori yanangoja," alisema. "Rudini kwenye mashine zenu." Akaenda zake. Binti alipanda kwenye loda mpya, akaiegesha kando, na kabla hajashuka alifuta kifimbo kwa kitambaa.

Upande alijikongoja hadi kwenye yake. Kiti kilimpokea kwa mfupa wake uleule. Akashika kirungu, akazungusha, na bega likaamka lote kwa pamoja, kali kuliko asubuhi, kama mtoto aliyeamshwa kabla usingizi haujakolea. Akauma meno. Akazungusha. Akarudisha.

Mbele yake, upande wa pili wa lundo, loda ya shemeji ilikuwa imesimama na baketi hewani, dereva wa lori akichungulia kuna nini. Ndani ya kioo chenye vumbi, shemeji alikuwa ameuondoa mkono wa kushoto kwenye usukani. Aliulaza pajani, kiganja juu, akakipinda kifundo kidogo kushoto, kidogo kulia.

Lori likapiga honi. Mkono ukarudi kwenye kirungu.