Jina la Mbuni Hai

Mama Hanna, katibu wa kikundi cha wakulima wa kahawa cha Mbuni Hai, alikuwa na mdomo unaotangulia mtandao. Aliombwa atangaze kwenye ibada ya pili. Furaha ikamzidi, akatangaza kwenye ibada ya kwanza.

"Wapendwa, sasa tuna jina letu wenyewe mtandaoni! Andikeni mbunihai, nukta, co, nukta, tz!"

Usharika mzima ukachomoa simu, hadi wanakwaya. Halikufunguka hata kwa mmoja. Wakati huo Anneth, aliyeijenga programu ya kikundi, alikuwa kwake Lemara, mjini Arusha, ndala miguuni, chai mkononi, ndiyo kwanza anafungua kompyuta aliunganishe hilo jina.

Programu yenyewe ilikuwa tayari: mteja anachagua kahawa, anaona imetoka shamba la nani, anaagiza. Ila ilikaa kwenye kompyuta za kukodi za ng'ambo, zile wanazoziita wingu, na anwani yake ya bure ilikuwa ndefu kama risala ya harusi, tena imebeba jina la mwenye wingu. Frederick, mwenye mgahawa mjini Arusha, aliiona akaguna.

"Dada, wateja wangu watajuaje ni ninyi na si matapeli? Jumapili napita huko kwenu nikienda Moshi. Jina lenu likifunguka, nachukua kahawa yenu na jina nalibandika kwenye menyu. Lisipofunguka, mimi na madalali wangu."

Kwa madalali, kahawa ya Meru huchanganywa na ya kila mtu mpaka yenyewe haijijui. Na Anneth maisha yalishamzaba makofi ya kutosha: saluni ilikufa, duka la vifaa vya simu likaifuata kaburini. Hili hakutaka kulizika. Akaweka rekodi mbili pale aliposajili jina, moja ya kuthibitisha kwamba ni lake, nyingine ya kulielekeza kwenye programu. Kwa intaneti ya nyumbani likafunguka: picha za mlima na wakulima, na kialama cha kufuli kuonyesha ni salama. Akacheka peke yake kama chizi, akajifunga kitenge, safari ya kwao Meru.

Alikuta mnada wa sadaka za mavuno umepamba moto nje ya kanisa. Mnadishaji alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Elieshi, mkungu wa ndizi begani.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, fundi wa mawingu! Mlima wote huu umejaa mawingu ya bure, wewe unakwenda kukodi ya Wazungu?"

Watu wakaangua kicheko. Mama Hanna hakucheka. Alikuja mbio, Frederick nyuma yake na simu mkononi.

"Mwanangu, nimetuaibisha. Halifunguki."

Anneth akajaribu kwa simu yake. Kweli, halikufunguka. Akajaribu tena, kisha akaelewa.

"Mama, mliliuliza kabla sijaliunganisha. Mtandao wa simu ukajibu halipo, na jibu hilo umelishika. Utalirudia tu mpaka ulisahau. Ni saa chache."

"Saa chache mimi niko Moshi," Frederick akasema, akitazama gari lake.

"Wote hapa mnatumia laini za kampuni moja?"

"Si mnara ni ule mmoja?" Mama Hanna akajibu. "Labda huyo baba yako mkubwa. Kang'ang'ania laini yake ya kale ya kampuni nyingine, mpaka asimame juu ya jiwe la kengele ya kanisa ndipo ashike mtandao."

Anneth akamgeukia. "Baba mkubwa, asubuhi ulilijaribu lile jina?"

"Mimi? Nijaribu upuuzi wenu? Nilikuwa napanga ndizi."

"Mungu akubariki kwa ubishi wako! Basi mtandao wako haujaulizwa bado. Twende kwenye jiwe."

Mzee akatua mkungu, akapanda huku akinung'unika. Akaandika herufi moja moja kwa kidole kilichokomaa kwa jembe, usharika mzima ukimtolea macho kama refa wa penalti. Halafu akaisogeza simu karibu na macho.

"Huyu mtu ni mimi," akasema. "Shamba la Elieshi, juu ya mto. Anneth! Kwa nini hukuniambia nivae koti?"

Frederick akapanda jiweni, akaomba simu, akasoma, akabonyeza. Ndani ya mkoba wa Anneth simu ikalia: oda ya kwanza, kahawa ya Mbuni Hai, mgahawa wa Frederick.

"Nalibandika," Frederick akasema, akimpa mkono. "Kubwa, mlangoni."

Mzee akadaka kipaza sauti cha mnada. "Wapendwa, ndizi zisubiri! Mimi na binti yangu tumefungua jina la kikundi!"

"Wewe na nani?" Mama Hanna akafoka.

Anneth hakubisha. Saluni ilipokufa aliililia peke yake. Hili lilikuwa na wenyewe wengi hata wanagombania sifa. Simu ya mzee ilishatoka mikononi mwake, bibi mmoja akitaka maandishi yakuzwe, mwingine akiuliza shamba la marehemu mumewe liko wapi. Juu ya jiwe Mzee Elieshi akaipokonya simu yake, akaanza kuyasoma majina ya mashamba, moja baada ya jingine, na kila mwenye lake akaitika, "Nipo!"