Baridi ya Ravindra

Ilikuwa Januari, mwaka wa tisini na nane. Joto la Kariakoo lilimtoa kila mtu jasho, ila Ravindra alikaa kwenye duka lake la vifungo na zipu amevaa sweta. Wateja walicheka. Bakili, fundi cherehani wa barazani pake, hakucheka.

"Bosi, unaumwa?"

"Ni sindano tu," alijibu taratibu, kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Ravindra alikuwa na homa ya ini ya virusi, ile inayokaa mwilini miaka mingi bila kelele. Tangu masharti ya biashara yalegezwe, dawa za nje zilianza kupatikana mjini, na mkewe Daksha alikuwa akimchoma sindano za kuchochea kinga ya mwili, nyumbani kwao Upanga. Miezi ya mwanzo zilimletea homa na maumivu ya viungo, wakazoea. Sasa alikuwa akinenepa ilhali hali kitu, ngozi imekauka, na anasinzia mteja akiwa mbele yake.

"Shemeji, sindano hizi zitamuua," kaka yake Ravindra alimwambia Daksha. "Acheni."

Ravindra mwenyewe alikubali. "Nimechoka, Daksha. Basi tena."

Lakini Daksha aliujua uchovu wa mumewe, na huu haukuwa wake. Hata sauti yake ilikuwa nzito, inakwaruza. Akampeleka kwa daktari, akaeleza yote.

Daktari alimpapasa shingo, akaagiza apimwe damu. Majibu yalipotoka alisema, "Kinga tuliyoiamsha ipigane na virusi imeshambulia pia tezi ya shingoni. Tezi hiyo hutoa homoni inayoupa mwili joto na nguvu, na sasa homoni imepungua mno."

"Kwa hiyo tuache sindano?" Daksha aliuliza.

"Hapana, mama. Virusi vinapungua. Homoni tutampa kwa vidonge, sindano ziendelee."

Ravindra akacheka. "Kumbe si uvivu!"

"Uvivu wako naujua," alisema Daksha.

Vidonge havikuwa na haraka. Wiki zilipita kabla Bakili hajamsikia tena akibishana na wenye maduka ya jumla. Mwisho wa mwaka sindano zilikwisha, na kipimo hakikuona virusi. Vidonge tu ndivyo alivyoendelea navyo.

Jumapili moja walikuwa wakikatiza Mnazi Mmoja, Ravindra mbele na kipande cha muhogo wa kuchoma mkononi.

"Kaza mwendo, Daksha!"

"Tangulia," alisema mkewe akihema, huku akitabasamu. "Nitakukuta."