Debe la Bibi Ephrasia

Mwanamke aliyeingia uani kwetu tarehe kumi na tisa Desemba sikuwahi kumwona. Alikuwa na kapu la dagaa kichwani, kanga imelowa hadi kiunoni, na aliuliza kama hapa ndipo kwa mzee Bernadi. Nilimwambia ndipo, ila mzee Bernadi, baba yangu, tulimzika mwezi wa tatu. Akatua kapu, akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, nami nikaona haya kuendelea kupaka rangi, nikaweka brashi chini.

Aliitwa Kalista, alitoka Lituhi, kule ziwani. Mama mkwe wake, Bibi Ephrasia, alizaliwa hapa Mapera, jirani na kwetu, na alipokuwa msichana ndiye aliyembeba baba yangu mgongoni wakati bibi yangu akilima. Alipoolewa ziwani, na baba alipokua, baba akawa anampelekea debe moja la udongo mweupe kila Noeli, apake kijumba chake. Sikuzoea kuwapo nyumbani mwezi huo. Nilijua tu kwamba baba huwa na safari yake ya Desemba. Sasa Bibi Ephrasia alikuwa karibu haoni.

"Udongo mweupe hata kwetu upo," Kalista alisema. "Ila mama anadai unanuka samaki. Wa huku kwao anaujua kwa kuunusa tu. Baba yako hakukosa hata mwaka mmoja, kaka."

Nilimjibu upesi, kama mtu anayegawa kitu asichokihitaji. Debe moja lilikuwemo stoo, madonge makavu aliyoyabakiza baba. Nikamwambia ni lake lote. Yeye alikuwa anakwenda kwanza Mbinga mjini kuuza dagaa, angepita kulichukua tarehe ishirini na tatu. Nikampa mkono. Akatuachia fungu kubwa la dagaa kwenye ungo, akaondoka akitembea vizuri zaidi kuliko alivyokuja.

Kwa nini ningebania udongo? Mimi nilikuwa na rangi.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, na serikali ilikuwa imesimamisha ajira. Nilirudi nyumbani na cheti ndani ya bahasha, nikapata kazi ya msimu ya kupima kahawa kwa mnunuzi binafsi, maana wanunuzi hao walikuwa wameanza kumiminika tangu biashara ya kahawa iwe huria. Maduka mapya ya mjini yalikuwa na kila kitu. Ujira wangu niliugeuza gauni la mdogo wangu Beata, kitenge cha mama na makopo mawili ya rangi nyeupe ya mafuta.

Hiyo rangi ndiyo ilikuwa zawadi yenyewe. Siku ya Noeli, baada ya Misa, Jumuiya yetu ya kanisani ingekuja kusali na kula kwetu kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Miezi yote hiyo hakuna mkono uliogusa kuta zetu, na moshi na matope vilizichafua kama vilivyopenda. Mama alikuwa ameniambia jambo moja tu.

"Wakute nyumba nyeupe, Valence. Wasikute nyumba ya msiba."

Mama na Beata walikuwa wamekandika kuta upya kwa udongo na samadi siku moja kabla Kalista hajafika. Mama alinisihi nisubiri zikauke. Nilitazama mawingu, nikamweleza kwamba vitu vya kiwandani havihitaji kusubiri. Wala muuzaji sikumuuliza. Nilisoma maandishi ya kwenye kopo mwenyewe, yote, isipokuwa mstari mdogo uliosema ni kwa ajili ya ukuta mkavu wa saruji.

Jioni ya siku aliyopita Kalista nilimaliza kupaka, na nyumba iling'aa. Mama alirudi kutoka kanisani, walikokuwa wakitengeneza pango la Noeli, akasimama njiani akiwa bado na majani mikononi. Sijapata kuwa na furaha kama ile.

Tarehe ishirini na moja rangi ilianza kuvimba. Ishirini na mbili mvua ikapiga tangu alfajiri, na mchana malengelenge yakapasuka, yakadondoka vipande vipande na udongo ukiwa umeng'ang'ania kwa nyuma. Nilikimbia na brashi huku na huku. Nilipoziba hapa, pale palianguka. Jirani yetu Pankras alipita akiwa amejifunika gunia, akasimama kuangalia.

"Mwanachuo," akaniita, "nyumba yenu imeshikwa na tetekuwanga?"

Beata alicheka, kisha akamwona mama, akaacha.

Mama hakunifokea. Alisema tuukwangue ukuta wa mbele, tuupake udongo wa baba kesho asubuhi, na huko nyuma hakuna atakayekwenda. Hapo ndipo nilipolazimika kumweleza habari ya Kalista. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Baba yako alikuwa anachimba madebe mawili kila mwaka," alisema. "Moja letu, moja la Ephrasia. Hilo lililobaki ni la kwetu. Mwaka jana alilipeleka la Ephrasia, akarudi mgonjwa, letu hatukulipaka. Wewe mwaka huu umechimba mangapi?"

Nilichukua jembe nikashuka bondeni. Mashimo ya ngolo, yale tunayolimia mteremkoni, yalikuwa yamejaa maji hadi ukingoni, na kule chini kwenye kijito, mahali alipokuwa akichimba baba, kingo zilikuwa zimeporomoka. Nilichimba hadi viganja vikachubuka. Nilipata tope jekundu, mizizi, na tope jekundu tena. Nilirudi na debe tupu.

Niliwaza kugawa nusu kwa nusu. Lakini ukuta wetu wa mbele pekee unakula debe zima. Tungepata nyumba mbili zenye mabaka, moja Mapera na moja Lituhi. Niliwaza pia kumwambia Kalista kwamba debe lililowa, udongo ukayeyuka. Wazo hilo nilikaa nalo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Tarehe ishirini na tatu alikuja, na lori la kushuka ziwani likiwa linamsubiri barabarani. Alimwamkia mama shikamoo. Kisha akautazama ukuta wetu, madoa meupe juu ya udongo mbichi, na akaelewa.

"Kaka, kama mnalihitaji, liacheni," alisema. "Nimeshampelekea mama habari kwamba linakuja, lakini nitajua la kumwambia."

Nilimtazama mama. Alikuwa akichambua maharage ya sikukuu, na hakuinua uso.

"Ulimwahidi?" akaniuliza.

"Nilimwahidi."

"Basi lifunike kwa majani ya mgomba, ulifunge vizuri. Likilowa njiani tutakuwa tumelikosa sisi, na Ephrasia amelikosa."

Sauti yake haikuwa na upole wowote. Lakini aliinuka mwenyewe kukata majani, akayakaza kwa kamba mpaka debe likawa kama kichanga aliyeviringishwa nguo. Kisha akarudi kwenye maharage yake, akaugeuzia ukuta mgongo.

Nilijitwika debe begani, nikapanda hadi barabarani kwenye utelezi, Kalista akinifuata nyuma na kapu lake tupu. Nilimwomba dereva aliweke ndani, karibu na kiti, si nyuma kwenye mvua. Alinung'unika, akalipokea. Lori likaondoka, nami nikarudi kukwangua rangi iliyobaki, ili Jumuiya waikute nyumba ya udongo mtupu.