Mabomba ya Gornji Dren

Alhamisi moja ya Septemba, Radojka Tanasković alikuwa jikoni anamenya pilipili hoho alizokwisha kuzichoma, beseni tupu likiwa chini ya bomba. Bomba likakohoa. Radojka akafuta mikono, akalisogeza beseni vizuri, maana hujui. Ikatoka sauti ya Momir, mtoto wa kaka yake, mbunge wa upinzani, ikisema kwamba maji ya Gornji Dren hayakupanda mlimani kwa miguu yake. Radojka akaondoa beseni, akarudi kwenye pilipili.

"Huyu naye," akasema.

Nyumba zote za kijiji zilipata hotuba ile kwa wakati mmoja. Zile za bondeni zilipata kwa nguvu zaidi, kama ilivyokuwa enzi za maji. Kasisi aliipata bafuni, akaisikiliza hadi mwisho kwa kuwa alikuwa amekwisha kuvua nguo.

Mambo yalikuwa hivi. Kila Alhamisi bungeni ni siku ya maswali. Momir husimama, huuliza yalikokwenda maji ya Gornji Dren, na akikaribia kumtaja mwenye ile hoteli ya mlimani, Spika hubonyeza kitufe. Kipaza sauti kinakufa, Momir anabaki kuchezesha midomo kama samaki. Lakini maneno yaliyokwisha kutoka kifuani hayarudi. Lazima yaende mahali. Yalikwenda kwenye mabomba yetu, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa matupu.

Bomba lile kuu tulilichimbia mtaro sisi wenyewe, kwa majembe, wabunge wengi wa leo wakiwa bado wananyonya. Chama kilichotuchimbisha kilikufa, hatukukililia. Kilichofuata kilituahidi bomba jipya. Kilichofuata hicho kililipaka bomba la zamani rangi na kulikatia utepe. Na hiki cha sasa kimelipindisha likapanda hotelini, ambako mashine huyageuza maji kuwa theluji ili watu wa mji mkuu waje kuteleza juu yake kwa makalio. Vyote vinne tulivipigia kura. Sisi tunavyopenda kupiga makofi, hata mtu akija kutuzika tutamsifu kwa kuchimba kaburi vizuri.

Mwenye hoteli aliitwa Svetislav, shemeji wa Spika. Na Spika mwenyewe, Obren, alikuwa kum wa Momir. Zamani wote wawili walikuwa upinzani, wakilala rumande moja na kugawana soksi, na Momir alimwomba Obren amsimamie binti yake kwenye ubatizo. Kwetu aliyekubatizia mtoto ndiye kum, na kum amepita ndugu. Ndugu utampeleka mahakamani, mkwe utamtukana harusini, lakini kum humtamkii neno baya hata akisimama juu ya kidole chako. Nusu ya bunge lile ni makum wa nusu nyingine. Ndivyo tunavyopata serikali, na ndivyo tunavyopata upinzani. Kwa hiyo Momir akizimiwa kipaza sauti hakurusha kiatu. Aliinamisha kichwa na kusema "Asante, kum," na hilo nalo lilitoka bombani, kijiji kizima kikalisikia.

Mwaka ule plamu zilizaa hadi matawi yakavunjika. Kila nyumba ilikuwa na mapipa yaliyojaa, yanachemka yenyewe, yanangoja kupikwa rakija. Rakija ndicho kitu pekee tunachouza. Mtambo wa kuipikia, ule wa shaba, uko uani kwa Radojka, na mrija wake hupita ndani ya pipa la maji baridi yanayotiririka, la sivyo mvuke haugeuki pombe. Maji hayakuwepo. Plamu zikikaa wiki kadhaa zaidi zinakuwa siki, na Vidoje, mtoto wa mwisho wa Radojka na kijana wa mwisho wa Gornji Dren, alikuwa amesema plamu zikiwa siki anafunga mlango anakwenda Vienna kuogesha wazee wa watu. Sanduku lake lilikuwa tayari barazani.

Vidoje alijaribu kwanza kwa hotuba. Alhamisi iliyofuata alifunga mpira wa maji kwenye bomba, akaelekeza upande wa pili kwenye lile pipa la kupoozea mrija. Momir siku hiyo alizungumzia wezi, mababu na aibu. Mrija uligeuka mwekundu, mvuke wote ukapotelea angani. Radojka akampigia simu mbunge.

"Momir, mwanangu, hotuba tumeipata."

"Mmeionaje, shangazi?"

"Imemuunguza Vidoje nyusi."

Momir akaomba radhi. Akasema ile aliiandaa wiki nzima.

"Ndiyo ubaya wake. Sasa yule waziri anayekujibuga, yule wa 'suala linafanyiwa kazi.' Yeye ni baridi?"

"Baridi, shangazi. Wanaokaa mstari wa mbele huvaa sweta."

"Basi mwambie kum wako amzimie huyo."

Momir alimkuta Obren kwenye mkahawa wa bunge, anakula supu ya utumbo. Akamweleza habari za plamu, mtambo na Vidoje. Obren alisikiliza kwa heshima zote, kwa kuwa kum naye hamkatizi kum nje ya ukumbi.

"Nimzimie waziri wa serikali yangu?" akasema. "Kum, omba kitu kingine. Omba figo."

Momir alikwenda kuketi peke yake na jibu la waziri mkononi. Akalisoma mara ya pili, vidole vikaanza kufa ganzi. Hapo akaelewa la kufanya.

Alhamisi akapanda jukwaani. Miaka mitatu alikuwa akipanga hotuba zake kama mitego ili lile jina lipenye kabla ya kidole cha Spika. Safari hii alilitanguliza. Alisema "Svetis," kipaza sauti kikafa, na Momir akatulia kama mtu aliyefunguliwa mlango. Kisha, kwa midomo tu, akasoma jibu la waziri kuanzia juu: kwamba serikali imelipokea jambo hili kwa uzito unaostahili.

Gornji Dren bomba lilitoa ukungu mweupe. Pipa likaota barafu pembeni. Rakija ikaanza kushuka, nyembamba kama uzi, safi kama jicho. Vidoje akaita majirani, nao wakaja wakivingirisha mapipa yao.

Mapipa ya mtaa mmoja yalihitaji jibu moja refu, kwa hiyo Momir aliendelea kila Alhamisi. Alisoma jibu kuhusu pensheni. Alisoma jibu kuhusu hospitali isiyo na daktari. Jibu kuhusu daraja lililoanguka na watu wake ndilo lililokuwa baridi kuliko yote. Siku hiyo ilibidi mtambo ufunikwe mablanketi. Waziri akatangaza bungeni kwamba mabomba ya Gornji Dren yanafanya kazi na wananchi wanayatumia. Ilikuwa kweli. Upande wa serikali ukapiga makofi, na kwetu pia wapo waliopiga.

Plamu zilipoisha, Momir alikuja kijijini. Hakuja kusherehekea. Alikuja na jambo moja tu la kutuomba, na alilirudia garini njia nzima: Jumamosi tupande mlimani sote, hata wazee, na majembe, tukalifukue bomba na kulirudisha kwa mikono yetu kama tulivyolizika. Kura zimeshindwa, hotuba zimeshindwa, akawaza, majembe bado. Na tungekwenda. Hasira tulikuwa nayo, na Jumamosi hatukuwa na kazi.

Lakini kwetu mtu hafungui mdomo mezani kabla ya glasi ya kwanza. Radojka akamimina. Tukatazamana machoni, inavyopaswa, tukanywa.

"Kali," akasema Momir.

"Kali, tena haiumizi kichwa," akasema Radojka. "Ina kitu kimoja tu. Ukishainywa, huna swali."

Vidoje alikuwa amekunywa tangu juzi. Sanduku alikuwa amelirudisha chumbani na hakukumbuka lilitolewa kwa nini. Mama yake alimkatia jibini, akampangusa bega ambalo halikuwa na vumbi.

"Kwenye simu ulisema una neno la kutuambia," akamwambia Momir.

Momir aliangalia glasi. Aliangalia mikono yetu mezani, mikubwa, imetulia.

"Lilikuwepo," akasema. "Lakini nadhani serikali ina utaratibu wake."

Tukakubali kwa vichwa. Akamiminiwa nyingine. Mlimani mashine za theluji zikaanza kunguruma, mapema kuliko mwaka jana, na sote tulizisikia. Radojka akainuka akafunga dirisha, si kwa hasira. Kulikuwa na baridi.