Mdhamini wa Theodora

Jumanne saa nne asubuhi, Theodora alikuwa amekaa mbele ya meza ya afisa mikopo mjini Moshi, mkoba magotini, akielezwa kwamba hatapewa mkopo wa kununulia ng'ombe. Kule kijijini kwake Mamba alikuwa na ng'ombe mmoja anayetoa lita kumi na mbili kwa siku, na alitaka wa pili. Hakuwahi kukopa popote. Hata chumvi ya jirani aliirudisha siku hiyohiyo.

Afisa mwenyewe, kijana aitwaye Primus, alikuwa amempa shikamoo kabla ya kumnyima. Alimweleza kwamba tatizo halikuwa benki bali taarifa yake ya mikopo, na kwamba alikuwa na haki ya kuisoma. Akaichapa, kurasa tatu, wakaisoma pamoja.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina lake, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho. Vyote sahihi. Wa pili ulikuwa na mikopo. Ulikuwemo mmoja, wa milioni nne, uliochukuliwa miaka saba iliyopita kwenye kampuni fulani ya mikopo ambayo Theodora hakuwahi kuisikia. Haukuwa umelipwa hata shilingi. Kusudi la mkopo: bati, Tarakea. Ukurasa wa tatu ulikuwa na alama zake za ukopaji, ambazo Primus alizipita haraka kama mtu anayefunika sufuria iliyoungua, na jina la mdhamini: Ebenezeri, mume, yu hai.

Theodora alisema Ebenezeri alikufa miaka sita iliyopita, akazikwa kihambani, kwenye shamba la nyumbani, kati ya migomba, na saruji alilipia yeye mwenyewe.

"Mama, mfumo unasema yupo," alisema Primus.

"Basi atakuwa yupo," alisema Theodora, akakunja karatasi zake.

Alipofika nyumbani alimkuta Ebenezeri kwenye benchi la mlangoni, ndani ya suti aliyozikwa nayo. Ilimkaa vizuri kuliko zamani, kwa kuwa alikuwa amekonda. Jirani yao Elisifa alikuwa ameshampa chai na kumkumbusha ahadi yake ya jengo la kanisa. Mkononi Ebenezeri alishika jani la sale, alilolichuma kwenye kaburi lake. Sale ni jani la kuombea msamaha, na Mchagga akiletewa halikatai. Theodora alilipokea kwa mikono miwili, akamlisha mbuzi wake.

Kisha akamuuliza mumewe habari za bati.

Ebenezeri alieleza bila haraka. Tarakea kulikuwa na mwanamke, Loveness, muuza maharage, na nyumba yake ilikuwa inavuja. Theodora alipokwenda kwenye semina ya akina mama, Ebenezeri alichukua kitambulisho cha mkewe kabatini, na Loveness akafunga kilemba akapigwa picha kama yeye. Sahihi ya Theodora aliiweka Ebenezeri mwenyewe.

"Nilitaka kukuambia, Mama Godwin," alisema. "Nikafa."

Hasira ilimpanda Theodora taratibu, kuanzia miguuni. Miaka sita alikuwa amepeleka maua kaburini kila Pasaka, akimwimbia mtu huyu beti zote za tenzi, hata zile ambazo kwaya huziruka. Alitaka kumwambia mambo mengi, lakini alimwambia moja tu: kesho watakwenda ofisi iliyotoa mkopo, na ayaseme hayohayo.

Aliyasema. Meneja wa tawi, mwanamume mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba kitambulisho. Ebenezeri hakuwa nacho. Theodora akatoa cheti cha kifo, kwa kuwa ndiyo karatasi pekee ya mumewe aliyokuwa nayo.

Meneja alikisoma pande zote mbili. "Mama, kama amekufa, maelezo yake hayana nguvu. Kama yu hai, basi taarifa yetu ni sahihi, na hakuna cha kusahihisha."

Akamshauri aanze kulipa laki moja kila mwezi. Alama zitapona zenyewe, alisema, kama kidonda. Kabla hawajatoka alimfanya Ebenezeri aandike jina kwenye kitabu cha wageni.

Siku iliyofuata Theodora alimkabidhi mumewe panga na kamba, akamwambia kwamba kama yupo, majani ya ng'ombe yapo pia. Ebenezeri alikata. Kiuno hakikumuuma tena, na jua halikumchosha. Ng'ombe akafikisha lita kumi na tano. Jioni alirudi kaburini mwenyewe, viatu akaviacha nje. Mchungaji Yohana alikuja kuuliza kama amfute kwenye daftari la marehemu, na wazee wa kanisa wakaamua abaki humo, mradi asigombee uzee.

Maziwa yaliuzwa, laki moja ikaenda kila mwezi. Baada ya miezi sita Theodora alishuka mjini kuomba taarifa yake upya. Alama zake zilikuwa palepale. Primus alipekua, akagundua kwamba malipo yote yameandikwa kwa mdhamini, kwa kuwa ndiye aliyefika ofisini akajiandikisha. Alama za Ebenezeri zilikuwa nzuri kuliko za Primus mwenyewe. Marehemu angeweza kukopa wakati wowote, hata ng'ombe wawili, ilimradi apate wa kumdhamini.

Theodora alirudi akamsomea mumewe karatasi hiyo kando ya banda. Ebenezeri alisikiliza ameinamisha kichwa, na udongo kidogo ukamdondoka sikioni.

"Basi nitakukopea mimi," alisema.

"Na wewe atakudhamini nani?"

Ebenezeri alifikiri. Alikuwa na muda wa kutosha.

"Wewe, Mama Godwin."

Theodora alikunja karatasi mara nne. Alimwambia ng'ombe ana njaa. Ebenezeri akachukua panga, akashuka mtoni kukata majani.