Kila Saa Moja

"Lisaa si neno," Elinaza alimwambia dada yake asubuhi ile. "Sema saa. Saa moja."

"Haya, mwalimu," Wema akajibu, akimfunga mtoto mgongoni. "Ila mimi nitarudi kwangu baada ya lisaa limoja, upende usipende."

Mvua ilikuwa ya siku ya pili. Nguzo za umeme zilikuwa zimelala njiani, na Suji nzima haikuwa na mahali pa kuchajia simu. Nyuma ya kilima, juu ya kijiji, ipo ndiva, bwawa la udongo tunalokingia maji ya mashamba. Chini yake, bondeni, ndipo ilipo nyumba ya Wema.

Watu wa mradi wa maji walifunga kipimo kwenye ndiva ili mtu asilazimike kupanda kila mara kutazama. Maji yakipita alama, kipimo kinatuma barua pepe kwenye simu moja tu, simu ya kikundi, anayoishika Babu Tumainieli. Babu akipata barua, anapanda kufungua kizibo ili maji yapungue kwa mfereji unaoshukia bondeni.

Tatizo lilikuwa chaji. Mtandao wa Suji unakuja na kuondoka. Barua zikiachwa zijilete zenyewe, simu haipumziki. Inakesha ikisikiliza, na mtandao ukipotea inauhangaikia mpaka betri inakauka. Basi Elinaza aliizuia isipokee yenyewe, akamwonyesha babu yake jinsi ya kuvuta barua kwa kidole.

"Vuta mwenyewe, babu. Kila saa moja."

"Kila saa moja," Babu alirudia, na wakavuta pamoja mara ya kwanza. Hapakuwa na kitu. Elinaza akateremka Makanya kuchaji betri ya akiba.

Alirudi saa kumi na moja jioni, amelowa mpaka mifupani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuwa kama kuku aliyetumbukia mtoni."

"Barua zinasemaje?"

"Bado."

"Hazijaja?"

"Sijavuta."

Elinaza alisimama na koti mkononi. "Hujavuta tangu saa ngapi?"

"Tangu tulipovuta na wewe, saa moja asubuhi. Si ulisema kila saa moja? Saa moja ya jioni haijafika." Babu alimtazama kama mtu anayetafutiwa kosa. "Mimi sipitilizi saa, Elinaza. Kizibo kile nimekifungua miaka yote kwa saa."

 Elinaza alinyakua simu juu ya kabati. Alama ya betri ilikuwa nyekundu, ufito mwembamba kama uzi. Akawasha data, akavuta. Kiduara kikazunguka. Kikasimama. Kikazunguka tena.

Barua ya kwanza ilikuwa tangazo la vifurushi. Ya pili ilikuwa tangazo la semina.

"Ondokeni!" Elinaza alizifokea.

Ya tatu: Maji yamefika alama ya njano. Ya nne: Maji yamepita alama nyekundu. Hiyo ilitumwa mchana. Ya tano ilikuja kichwa chake tu: Kipimo hakisikiki. Kisha kioo kikawa cheusi.

Alichomeka betri ya akiba. Simu iliyokufa kabisa haiamki papo hapo. Ilikaa kimya.

"Hakisikiki, maana yake nini?" Babu aliuliza.

"Labda mtandao umekipoteza. Au..."

"Au ukingo umekwenda nacho." Babu alikuwa ameshavaa mabuti. Alichukua mtaimbo nyuma ya mlango.

"Babu, miguu yako!"

"Wewe ndiye unayetembelea miguu yangu? Nenda kwa dada yako!"

Elinaza alishuka bondeni akiteleza, akikamata migomba, simu na betri vikimgonga ndani ya koti. Wema alikuwa kitandani ananyonyesha.

"Ee, mwalimu! Huko Makanya umechukua malisaa mangapi?"

"Toka! Ndiva imejaa!"

"Ngoja nichukue nepi za..."

"Wema, toka!"

Sauti ile haikuwa ya mabishano. Wema aliinuka na mtoto kifuani, peku. Walipanda katikati ya maharage, wakishika udongo kwa vidole. Hawakuwa wamefika mbali waliposikia maji.

"Ni kizibo au ni ukingo?" Wema alinong'ona.

Elinaza hakujua. Ukingo ukipasuka, yote huja kwa mpigo. Maji mekundu yalitokeza, mfereji ukiwa umefurika, yakabomoa jiko, yakasukuma mlango wa nyumba na kuingia. Godoro lilitoka nje likielea, lile ambalo mtoto alikuwa amelilalia.

Walisubiri mengine. Hayakuja. Mfereji uliendelea kuvuma, haukuzidi. Kizibo.

Wema alikaa chini kwenye tope na kuanza kulia, bila sauti.

Giza lilikuwa linaingia Babu alipowafikia, akitegemea mtaimbo, matope mpaka kwenye nyusi. "Ukingo umeliwa nusu," alisema. "Tungengoja kidogo tu..." Akamshika mtoto kichwani, akaacha kusema. Kisha: "Saa ngapi sasa?"

Simu ilikuwa imeamka ndani ya koti. Elinaza aliitazama, akaona aibu kutaja.

"Saa moja, babu."

"Basi vuta."

Wema alicheka kwanza, kicheko chenye machozi. Elinaza hakucheka. Aliirudisha simu ijipokelee yenyewe, na kabla hajavuta ililia mkononi mwake: Kipimo kimerudi. Maji yanashuka.

"Nimeiacha hivi," alisema. "Chaji nitaifuata Makanya kila siku."

"Na ikiisha njiani?"

"Ikiisha, tutarudi kuvuta." Elinaza alimtazama dada yake. "Kila lisaa limoja, babu. Lisaa."