Mwanapili Ndani ya Ghala

Mwanapili aliingia ghalani asubuhi, akatandika mkeka, akaketi. Ndiyo kawaida ya watu wa kisiwa cha Fuma, kwao: mali ikitajwa bei, mwenye hisa hukaa ndani yake. Ghala lile la mawe, pale Kismayu, marehemu baba yake alilijenga na wenziwe watatu. Hisa zao tatu kampuni ilikwisha kuzinunua. Ilibaki ya Mwanapili, ndiyo riziki yake.

Mlangoni walisimama bwana wa kampuni, Mtaliani, na mkalimani Idarus, mtoto wa kaka yake Mwanapili. Idarus alijivunia kwamba haongezi neno wala hapunguzi.

"Jengo lina uchakavu," Idarus alifasiri. Dari ikashuka dhiraa moja. Mpagazi aliyekuwa karibu akaondoa gunia lake lisigandamizwe.

"Hisa yapimwa kwa gharama ya mawe na chokaa, si kwa mahali ghala lilipo." Kuta zikasogea mpaka ukingoni mwa mkeka.

"Shangazi, toka!"

"Hilo kalisema yeye?"

"La. Nasema mimi."

"Wewe umeitwa kusema yake. Mchu huyu, bwana wako, ataka nini tena?"

Bwana alitazama saa yake. Idarus alimwogopea shangazi yake, na hofu yake ilikuwa ya haki, lakini sifa yake aliiogopea zaidi.

"Mwenye hisa chache hana amri," akasema, "basi thamani yake hupunguzwa tena."

Dari ilimlaza Mwanapili kifudifudi. Mbavu zikamlia.

"Nimeridhika," akasema kutoka chini, na kuta zikasimama. Alitoka kwa kutambaa, kwa mlango uliobaki kama wa banda la kuku, akatia kidole kwenye wino.

Kesho yake alikuja mnunuzi kutoka Mombasa. Bwana alisema, Idarus akafasiri: mali nzima, mwenye amri mmoja, bandari mlangoni, faida ya miaka ijayo. Ghala likainuka, likapata ghorofa tatu na roshani. Mnunuzi alilisifu.

Mwanapili alikuwa ng'ambo ya njia, ameanika samaki juu ya mkeka. Idarus akamwendea.

"Maneno haya jana hukuyajua?"

"Niliyajua, shangazi. Hakuyasema."

"Nawe hukumuuliza."

Bwana aliita, Idarus akavuka njia kurudi kwake. Kivuli cha ghala kilikwisha kuwafunika samaki. Mwanapili akauvuta mkeka wake mpaka kwenye jua, akaanza kuwageuza mmoja mmoja.